Kompyuta inajizima ghafla gemu likikolea, joto liko sawa. Msaada wakuu (IMETATULIWA)

#1 Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Hii ni wiki ya tatu nahangaika na mashine yangu, na nimefika mahali pa kutaka kuuza kadi ya grafiki kwa bei yoyote.

Mashine nimeiunga mwenyewe. Prosesa ni Ryzen 7 5800X, kadi ni GeForce RTX 3080 ya GB 10 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, ramu GB 32, SSD mbili, na pawa saplai (kile kifaa kinachoigawia mashine umeme) ya wati 650 niliyobaki nayo tangu enzi za kadi yangu ya zamani. Kadi hiyo ya zamani haikuwahi kunizimia hata siku moja.

Shida yenyewe ni hii. Nikiwa ndani ya gemu zito, iwe dakika ya 5 au ya 40, mashine inakufa papo hapo. Haigandi, haileti skrini ya bluu, haitoi ujumbe wowote. Unasikia "tik" moja nyuma ya boksi, feni zote zinanyamaza, taa zinazimika, kama vile mtu kachomoa waya ukutani. Nikibonyeza kitufe cha kuwashia, haiwaki. Lazima nizime swichi ya nyuma ya pawa saplai, nisubiri kama nusu dakika, niirudishe, ndipo ikubali.

Draiva (programu zinazoiendesha kadi) nimezifuta na kuziweka upya mara mbili. Windows nimeipiga upya. Vumbi nimepuliza, pesti ya prosesa nimebadilisha. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba programu ya majaribio ya FurMark nimeiacha ikizunguka dakika 30 nzima na mashine haikuzima, wakati kila mtu anasema hakuna kinachoitesa kadi kama FurMark. Kuna fundi mtaani ameniambia kadi imekufa, nitafute nyingine. Kabla sijatoa hela tena, naomba macho yenu.

#2 Mdau, Mombasa

Pole sana ndugu yangu. Mimi naona joto hilo. Sisi watu wa pwani tuna matatizo mawili, joto lenyewe na hewa ya chumvi inayokula vyuma. Ya kwangu ilikuwa inazima hivyohivyo, nikafungua ubavu wa boksi na kuelekeza feni ya mezani mle ndani, ikatulia. Jaribu hilo kwanza, halina gharama.

#3 Mwanzisha uzi

Asante mkuu. Hilo nilianza nalo, ubavu uko wazi tangu wiki ya kwanza na feni inapuliza. Jana nimewasha HWiNFO, programu ya kusoma joto na umeme, iandike kwenye faili kila sekunde, ili hata mashine ikifa nibaki na mstari wa mwisho. Imezima saa 3 na dakika 12 usiku. Mstari wa mwisho unasema: kadi nyuzi 71, sehemu yake ya moto zaidi nyuzi 84, kumbukumbu ya kadi nyuzi 98, prosesa nyuzi 76. Sijui kama hapo kuna cha kuogopa.

#4 Fundi, Dodoma

Hapo hakuna cha kuogopa, na umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, umepima. Tuanzie hapo.

Joto lina tabia yake. Halimuui mgonjwa kimyakimya. Kadi kama hiyo ikipita nyuzi 80 na kitu huanza kujipunguzia kasi yenyewe, unaona fremu (picha kwa sekunde) zinashuka, gemu linakuwa zito. Kumbukumbu yake hupunguza mwendo ikifika nyuzi 110. Prosesa yako mwisho wake ni nyuzi 90. Hujafika popote kati ya hapo, na gemu halikuwahi kuwa zito kabla ya kuzima. Joto la kadi na prosesa liweke pembeni.

Sasa sikiliza dalili ulizozitaja mwenyewe. "Tik" moja nyuma, giza, kisha kitufe hakifanyi kazi mpaka uzime swichi ya nyuma. Huo ndio mwenendo wa pawa saplai iliyojifunga. Ndani yake kuna ulinzi wa umeme kupita kiasi. Ukiguswa, inakata kila kitu na kubaki imefunga mpaka iondolewe umeme kabisa. Kadi ikiwa ndiyo mbovu, mara nyingi utaona skrini nyeusi huku feni zikiendelea kuzunguka, au gemu linafunga na kukurudisha kwenye Windows, au mistari ya rangi. Ni tofauti na kuzima kama taa.

Nijibu haya manne:
1. Fungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows), upande wa System. Je, kuna Kernel-Power namba 41, ile inayoandikwa mashine ikizima ghafla? Ndani yake BugcheckCode (namba ya kosa) inasomeka ngapi?
2. Kadi yako ina matundu mangapi ya umeme, na yanalishwa na waya mangapi kutoka pawa saplai? Nahesabu waya, sihesabu vichwa.
3. Pawa saplai ina umri gani?
4. Umeme unatoka wapi: soketi ya ukutani, ekstensheni, stebilaiza au UPS (betri ya akiba)?

#5 Mdau, Arusha

Naomba niongeze kwenye namba 4 maana yalinikuta. Mimi sichezi gemu, nachora majengo na kutengeneza picha za mwisho kwenye programu ya Blender. Mashine ilikuwa inazima kila nikianza kutoa picha kubwa, na mimi pia niliambiwa kadi. Kumbe nilikuwa nimeichomeka kwenye UPS ya VA 650. Nikadhani 650 hiyo ni wati. Siyo. Nyingi za ukubwa huo zinabeba wati 360 hivi tu, na mashine yangu ikipamba moto inapita 400. UPS ilikuwa inalia mlio mmoja mrefu halafu inakata. Ule mlio nilikuwa siusikii kwa sababu navaa spika za masikioni.

Kaka, kama una UPS, toa, chomeka ukutani moja kwa moja, jaribu.

#6 Mwanzisha uzi

Majibu, fundi:

Kernel-Power 41 zipo 17, tarehe zake ni zilezile inazozima. BugcheckCode zote ni 0.

Kadi ina matundu mawili ya pini 8. Waya ni mmoja tu, wenye vichwa viwili, kile cha pili kinaning'inia kwenye cha kwanza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeufunga kwenye kadi ya zamani (ile ilitumia kichwa kimoja) na sikufikiria zaidi.

Pawa saplai ina miaka 6.

Umeme ni wa ekstensheni yenye matundu manne, iko pamoja na runinga na ruta. UPS sina. Nimeazima mita nikapima soketi: mchana volti 231, saa 2 usiku volti 209.

#7 Fundi, Dodoma

BugcheckCode 0 maana yake Windows yenyewe haikujua kilichotokea. Kama draiva au ramu ingekuwa ndiyo imeiangusha, mara nyingi ingeacha namba pale. Ilinyang'anywa umeme katikati ya sentensi, basi. Kuanzia sasa acha kugusa draiva.

Volti 209 usiikasirikie. Pawa saplai nyingi za sasa zinakubali kuanzia 100 hadi 240 zenyewe. (Walio na zile za zamani zenye kiswichi chekundu cha 115/230 nyuma, msikiguse, kikae 230.) Ila ekstensheni ondoa, chomeka ukutani, ili tupunguze wanaoshukiwa.

Waya ndio unaonitia wasiwasi. Kichwa kimoja cha pini 8 kimepangiwa wati 150. Tundu la kadi kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine) linatoa hadi 75. Kadi yako inakula wati 320 kwa kawaida. Toa hizo 75, hata tukisema zote zinatumika, zinabaki kama 245 zinazopita kwenye waya mmoja. Gawa kwa volti 12, ni zaidi ya ampia 20 kwenye nyaya tatu nyembamba zilizo ndani yake. Huenda zikabeba, lakini zinapata moto, volti inashuka kabla ya kufika kwenye kadi, na plagi upande wa pawa saplai ndiyo inayoumia.

Fanya hivi: zima, chomoa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja kumaliza umeme uliobaki, kisha chomoa waya huo pande zote mbili. Tazama plastiki na pini kwa tochi. Halafu funga waya mbili tofauti, kila tundu na wake.

Halafu pakua MSI Afterburner, shusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 70, ucheze jioni kadhaa. Usibadilishe kingine chochote. Mashine ikitulia kwa 70 na kufa kwa 100, kadi yako ni nzima na tumempata mwizi.

#8 Mdau, Nairobi

Hapo kwa waya, tafadhali wadau, kabla mtu hajakimbia. Kama waya ya pili hukuwa nayo kwa boksi la hiyo pawa saplai, usichukue ya pawa saplai nyingine hata kama inaingia vizuri. Upande wa kadi mpangilio ni mmoja duniani kote. Upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga pini zake inavyotaka, na hata kampuni moja modeli zake zinaweza kutofautiana.

Mimi nilibadilisha pawa saplai nikaacha waya za zamani mahali pake kwa sababu nilikuwa nimezifunga vizuri sana nyuma ya mazabodi. Nikawasha. Harufu ilikuja kabla ya picha. SSD mbili zilikufa hapo hapo, moja ilikuwa na alama ndogo nyeusi, ukubwa wa punje ya mtama, karibu na pale umeme unapoingilia. Ndani yake kulikuwa na picha za mtoto wetu za mwaka wa kwanza. Hazikurudi.

#9 Fundi, Dodoma

Pole sana kaka, na asante kwa kulisema. Mwanzisha uzi, soma #8 mara mbili kabla hujagusa kitu.

#10 Mwanzisha uzi

Nimerudi, wakuu. Imepita wiki moja na siku mbili, nimeandika kila kitu kwenye daftari.

Boksi la pawa saplai nilikuwa nimelitunza juu ya kabati, waya wa pili ulikuwemo ndani bado umefungwa na kile kiwaya cha plastiki. Nilipochomoa wa zamani, upande wa kadi ulikuwa safi. Upande wa pawa saplai ulikuwa mgumu kutoka, ikabidi niutikise taratibu kulia na kushoto. Plastiki nyeusi ya plagi ilikuwa na rangi ya kahawia kuzunguka matundu mawili, na ukiigusa kwa ukucha ilikuwa imekauka kama ganda la karanga. Haikuwa na harufu ya kuungua. Tundu lililotumika nimeliacha, nimetumia mengine mawili yaliyokuwa hayajaguswa tangu ninunue.

Siku 1 na 2, waya mbili, ukutani moja kwa moja, kadi asilimia 100: ya kwanza haikuzima kabisa kwa saa mbili. Ya pili ilizima mara moja. Zamani ilikuwa mara tatu au nne kwa jioni.

Hiyo ya siku ya 2 ilizima mahali pa ajabu. Sikuwa nacheza. Nilikuwa nimetoka kwenye gemu nikarudi kwenye menyu ya mwanzo, pale unapochagua mchezaji. Kadi ikaanza kupiga mluzi mwembamba, nikatazama pembeni nikaona fremu 900 kwa sekunde, kisha "tik".

Siku 3 hadi 6, asilimia 70, yaani wati 224: haikuzima hata mara moja. Jumamosi nilicheza kwa saa tano.

Siku 7 na 8, asilimia 85, wati 272: ilizima mara mbili.

Siku 9 nimerudisha 70, imetulia tena.

#11 Mdau, Mombasa

Nimefuatilia kila hatua na nakiri joto halikuwa lenyewe. Lakini nieleweshe fundi. Kadi 320. Prosesa 142 ikiwa imejaa. Jumla 462. Weka feni, SSD na vinginevyo, tuseme 60, ni 522. Pawa saplai ni ya 650. Zimebaki wati 128 bure. Kisha kwa 272 pia inazima. Hesabu inakataa. Na FurMark ilipita nusu saa!

#12 Fundi, Dodoma

Swali zuri, na hapo ndipo mafundi wengi tunapouza kadi nzima za watu.

Umeshaona friji la nyumbani linapoanza kunguruma? Taa inafifia kufumba na kufumbua, kisha inarudi. Friji hilo likishazunguka linakula kidogo. Kile cha kuamka tu ndicho kikubwa. Kadi za grafiki za nguvu zina tabia ya aina hiyo, ila zinaamka mara elfu kwa dakika. Ukigeuka kona, bomu likilipuka, menyu ikifunguka bila kikomo cha fremu, kadi inaruka kutoka kwenye kupumzika hadi kwenye mzigo wote. Kwa muda usiofika hata milisekunde moja inaweza kuvuta mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye karatasi yake. Wati 320 ni wastani. HWiNFO inasoma kila sekunde, haiwezi kukiona kitu hicho. Mita ya kuchomeka ukutani nayo haikioni. Pawa saplai inakiona, na ulinzi wake unaamua kama ni mzigo wa kawaida au ni waya zimegusana.

FurMark ilipita kwa sababu ni mzigo wa kudumu. Inapandisha kadi mpaka juu na kuiacha palepale, wala haigusi prosesa. Ni mtu aliyebeba gunia la mahindi amesimama. Gemu ni mtu yule yule anarukaruka nalo ngazini. Anayetaka kujaribu upande huu atumie jaribio la umeme la programu ya OCCT, linalobana kadi na prosesa kwa pamoja, na bado halifikii gemu lenyewe.

Sasa ongeza miaka 6. Kapasita (vihifadhi umeme vya ndani) zinazeeka, na Dar joto la chumba linaziharakisha. Zile ndizo akiba ya kumeza mshtuko huo. Pawa saplai yake ilipotoka kiwandani kadi za namna hii hazikuwa zimeingia sokoni. RTX 3080 ilipotoka 2020, NVIDIA wenyewe walipendekeza wati 750, na waliweka nafasi hiyo kwa sababu. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba kiwango cha ATX 3.0 cha 2022 kikaandika wazi kuwa pawa saplai za zaidi ya wati 450 zinazokifuata zivumilie mshtuko wa asilimia 200 ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100.

Mwanzisha uzi, hukumu yangu: pawa saplai. Lakini usinunue kwa maneno yangu. Azima ya wati 850 kwa mtu, pamoja na waya zake zote, jaribu siku tatu, kisha ndio ununue.

#13 Mdau, Arusha

Na ukiazima, kaka, azima na lile waya kubwa la ukutani pia. Ile ya kwangu ya kwanza ilikuwa na plagi iliyolegea, nikapoteza siku nzima nikidhani tatizo limerudi.

#14 Mwanzisha uzi

Wakuu, imeisha.

Jamaa ninayefanya naye kazi ana mashine ya kuhariri video yenye pawa saplai ya wati 850, akanipa kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Nilitoa waya zote za zamani bila kubakiza hata moja, za SSD, za mazabodi, za prosesa, nikazitia kwenye mfuko na kuandika kwa kalamu "650, USITUMIE". Kazi ilinichukua saa mbili na nusu, nyingi ni za kupitisha waya nyuma.

Kadi nimeirudisha asilimia 100. Ijumaa nimecheza kwa saa tatu, Jumamosi kwa saa sita, Jumapili kwa saa nne. Nimekaa makusudi kwenye ile menyu ya fremu 900 kwa dakika 20, mluzi ukilia. Haikuzima. Event Viewer haina 41 hata moja tangu Ijumaa.

Jumatatu nimeirudisha, jioni nimeenda Kariakoo nimenunua ya kwangu, 850, mpya kwenye boksi lake. Duka la kwanza walinipa iliyofunguliwa, waya hazikutimia, nikakumbuka #8 nikaondoka. La pili tulifungua boksi pamoja mezani nikahesabu kila waya kabla ya kulipa.

Kadi siiuzi tena. Nimeiacha kwenye asilimia 90 kwa hiari yangu na kikomo cha fremu 120, chumba kinapoa zaidi na kwa macho sioni tofauti. Fundi wa Dodoma, Mungu akuzidishie. Ungeniambia "nunua" tangu #4 ningenunua, na nisingejua kwa nini. Dada wa Arusha na kaka wa Nairobi, asanteni sana.

Swali moja limebaki. Hii 650 nimpe mdogo wangu kwa mashine ya shule isiyo na kadi?

#15 Fundi, Dodoma

Usimpe. Ingekuwa plagi haina rangi ya kahawia ningesema mpe, wati 100 haziisumbui. Lakini tundu lililopata moto siwezi kuliamini kwenye chumba anacholala mtoto. Na usiifungue kutafuta cha kuokoa, kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na umeme wa kukuumiza hata baada ya kuchomolewa. Kata waya zake ili asije mtu akaiokota na kuitumia, kisha ipeleke kwa wanaonunua vyuma.

#16 Mdau, Mombasa

Baada ya kusoma #10 nimeenda kufungua yangu, ile niliyosema feni ya mezani iliiponya. Waya mmoja, vichwa viwili. Plagi bado nyeusi, nashukuru. Waya wa pili sinao, boksi nilitupa. Kuna duka hapa wanao unaofanana kabisa, nauchukua kesho?

#17 Fundi, Dodoma

Hapana, subiri. Kufanana hakutoshi. Piga picha ile karatasi ya ubavuni mwa pawa saplai, yenye jedwali la volti na ampia na namba ya modeli, iweke hapa. Tutaanzia kwenye namba hiyo. Kwa usiku wa leo shusha kadi hadi 70.